Minara Miwili: maswali yenu kuhusu Kanisa la Mtakatifu Yosefu, Zanzibar

Hili ndilo kanisa lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa?
Silo, ingawa swali hili halikauki. Lile ni la Waanglikana, liko Mkunazini, la miaka ya 1870. La Mtakatifu Yosefu ni la Wakatoliki, upande wa Baghani. Ukichanganyikiwa, hesabu minara: Mkunazini mmoja, hapa miwili, na ndivyo wenyeji wanavyoliita.

Lilijengwa na nani?
Mapadre Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu. Wamisionari wa kwanza kutoka Ufaransa walishuka Unguja mwaka 1860 wakitokea kisiwa cha Réunion. Bagamoyo walivuka 1868. Ujenzi ulianza 1893, na misa ya kwanza ikasomwa Krismasi ya 1898. Katikati hapo, Agosti 1896, manowari za Waingereza zililipua jumba la Sultani kule pwani, vita visivyofika hata saa moja. Mafundi wakaendelea na kazi.

Ndani kuna nini cha kutazama?
Anza na kuta. Zilichorwa visa vya Agano la Kale, yaani habari ambazo hata jirani Mwislamu anazijua kwa majina ya manabii wake. Michoro mingine imeharibika, na mingine ilitengenezwa upya kwa mkono usio wa fundi. Kwa maoni yangu, heri wangeiacha ilivyo. Picha iliyofifia bado ni ya mchoraji wake.

Kisha inua macho kwenye vioo vya rangi, vilivyoletwa kwa meli kutoka Ufaransa pamoja na vigae. Dirisha la namna hii halichorwi kama ubao. Vipande vya kioo chenye rangi yake hukatwa kimoja kimoja, vikaunganishwa kwa vijiti vya madini ya risasi. Ile mistari myeusi unayoiona ndiyo hiyo risasi. Sura za watu hupakwa rangi, kisha kioo kikachomwa tanuruni ili isifutike. Nenda jua likiwa kali. Usiku, ukiwa ndani, utaona weusi tu.

Kutoka kwenye boti naiona minara, nikishuka inapotea. Kwa nini?
Vichochoro vya Mji Mkongwe vimebana na nyumba ni ndefu. Uliza “Minara Miwili” tu, mtoto yeyote atakupeleka. Mlango wa mbele ukiwa umefungwa, zunguka nyuma ubishe hodi.