Shangazi, opera inanichosha na mume wangu hajui

*Shangazi, shikamoo. Tulipokuwa wachumba nilimwambia mume wangu kwamba nami napenda opera, zile tamthilia za kuimbwa, ili nimpendeze tu. Huu ni mwaka wa saba naketi naye ukumbini nikijikaza nisisinzie. Sasa amekata tiketi za* Der Ring des Nibelungen*, jioni nne, iwe zawadi ya ndoa yetu. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu.

Mwambie kabla ya jioni ya kwanza. Kazi hiyo ya mtunzi Mjerumani Wagner, opera nne zinazofuatana, iliyoonyeshwa nzima kwa mara ya kwanza Bayreuth, Ujerumani, mwaka 1876, ina muziki wa karibu saa 15. Sehemu ya kwanza pekee ni kama saa mbili na nusu, bila mapumziko. Huwezi kujificha humo.

Kutopenda opera si kosa. Kinachoniuma ni kwamba mumeo amekaa ukumbini peke yake miaka yote hiyo akidhani yuko nawe. Yeye hukugeukia machozi yakimlengalenga, nawe humpa tabasamu la kuazima. Mwambie hivyo hivyo: ulidanganya kwa kuogopa kumpoteza. Usiisingizie opera, wala usimwambie kwamba yeye ndiye aliyekulazimisha. Atakasirika, na ana haki. Mwache akasirike.

Akitulia, mwulize swali ambalo nadhani hujawahi kumwuliza: ni wimbo gani uliomnasa, na siku ile alikuwa na nani? Mimi nilinaswa na *Rigoletto*, opera ya Mwitaliano Verdi, pale karibu na mwisho watu wanne wanapoimba kwa pamoja. Mtawala anamtongoza mwanamke, mwanamke anamcheka, na nje binti aliyempenda mtawala huyo anasikia yote huku moyo ukimvunjika, baba yake akimwahidi kisasi. Wangesema kwa maneno matupu ingekuwa kelele. Wakiimba, unamsikia kila mmoja na lake. Nilikuwa na donda langu wakati ule, nikalia hadi nikaishiwa machozi.

Ni dakika chache tu. Sikilizeni pamoja nyumbani, akueleze nani anasema nini. Huenda ukaguswa, huenda usiguswe, na safari hii usijilazimishe.

Tiketi yako ampe rafiki anayeipenda kazi hiyo. Wewe msubiri macho, na akirudi mwandalie chai, umwulize amesikia nini.

Shangazi