Mtoto anasema kaskazini ni juu ya dari

SWALI: Mtoto wangu wa miaka 6 anakariri mabara yote. Ila nikimuuliza kaskazini ni wapi, anaonyesha dari. Nimwanzishie wapi? – Mama wa Himbi, Goma

JIBU: Mama, mtoto anasema alichokiona: ramani inaning'inia ukutani, na pale kaskazini huwa juu kweli. Ishushe chini.

Kwanza mtoke nje asubuhi. Anyooshe mkono wa kulia jua linakotokea, upande wa Gisenyi. Uso sasa unatazama mlima wa volkano wa Nyiragongo, kaskazini; nyuma yake ni ziwa, kusini; kushoto ni Sake, magharibi. Rudieni siku kadhaa palepale. Siku mawingu yamefunika mlima ndiyo ya kumpima: akiuonyesha bila kuuona, ameshika. Jua la saa sita liacheni. Tuko karibu na ikweta, kwa hiyo kivuli cha mchana huangukia kusini mwezi wa 6 na kaskazini mwezi wa 12, kitamchanganya bure.

Kisha chukua sinia, uweke mchanga mweusi wa volkano, kina cha vidole viwili. Mfuniko wa sufuria uwe ziwa, ukae upande liliko ziwa lenyewe. Rundo la makoro madogo, yaani mawe ya lava, liwe Nyiragongo. Mwagieni mlima maji polepole, kikombe kimoja tu, yakizidi sinia inajaa tope. Maji hayatiririki, yanazama. Mwonyeshe jiwe moja kwa karibu: matundu yale yaliachwa na gesi lava ilipokuwa inaganda. Ardhi yetu ina matundu na nyufa hivyo hivyo, mvua inapotelea chini; ndiyo sababu mjini hatuna mto na watu wanashuka ziwani na bidoni.

Karatasi ndiyo ngumu. Asimame juu ya kiti, umshike, atazame sinia toka juu na kuchora. Wengi huchora mlima kwa ubavu, pembe tatu. Usimfutie; muulize ndege anayepita juu angeona nini. Mchoro ulale chini, ziwa la karatasi likielekea ziwa la kweli. Siku atakapoizungusha karatasi mwenyewe ikae sawa, itundikeni.

Makoro yaokoteni palipoinuka. Msishuke mashimoni, hasa asubuhi upepo haujavuma: mazuku, yaani kaboni dioksidi, ni nzito kuliko hewa, haina rangi wala harufu, na mtoto kwa ufupi wake huivuta kabla yako.