Mzazi wa operesheni: dawa, mkaja na maji ya moto ya bibi

Waalaykum salaam ukhti. Umeuliza mdogo wako atulizwe vipi maumivu: kajifungua kwa kupasuliwa, kesho anarudi Wete, na bibi keshatayarisha sufuria la maji ya moto ya kumkanda tumbo. Mie nimezaa kwa kisu mara mbili, nakujibu kwa nilivyopitia.

Dawa asingoje maumivu yamkabe ndo ameze. Muuguzi alinipangia kwa saa: paracetamol gramu 1, yaani vidonge 2 vya miligramu 500, kila baada ya saa 6, na ibuprofen miligramu 400 kila baada ya saa 8, nikishakula. Zote hazimzuii kunyonyesha. Mwenye vidonda vya tumbo, figo, pumu au presha amuulize daktari kabla ya ibuprofen. Paracetamol isipite gramu 4 kwa siku, na dawa nyingi za mafua nazo zinayo ndani. Tegeni alamu ya simu, hata ya usiku.

Kuinuka kitandani ndiko kunakoliza watu. Asijivute kwa tumbo: ageuke ubavu, akunje magoti, ateremshe miguu, kisha ajisukume kwa mkono. Akikohoa au akicheka (na wageni wa mzazi hawaishiwi vichekesho) aukumbatie mto, aubane kwenye mshono. Kulala godoro la chini asahau kwa sasa. Kitanda cha samadari nacho kiko juu, muwekeeni kigoda cha kukanyagia. Kama choo ni cha kuchuchumaa, mtafutieni kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati.

Atembee, hata ukumbini tu. Gesi ya tumboni ilinitesa kuliko kidonda chenyewe. Kutembea huiondoa, na husaidia damu isigande miguuni. Maji kwa wingi, na papai. Kunyonyesha, alale ubavu au ampitishe mtoto kwapani, miguu yake ielekee nyuma, asije akampiga teke penye mshono.

Sasa bibi. Maji ya moto tumboni hapana, kukandwa tumbo hapana. Ngozi ya karibu na mshono hukaa na ganzi muda mrefu, mtu aweza kuungua asijijue. Mkaja (kitambaa cha kufungia tumbo) lakini mwacheni mzazi afunge, akiruhusu daktari. Hata hospitali nyingine huwapa wazazi mkanda wa tumbo, na mie ulinisaidia sana nikisimama. Usiwe wa kukata pumzi, chini yake kidonda kiwe kikavu, na akilala auvue. Bibi apewe pia kazi ya kumpikia mzazi uji wa pilipili manga na kumkanda mabega kwa kitambaa cha uvuguvugu, asione kanyang'anywa mzazi wake.

Akipata homa, mshono ukitoa usaha au harufu, damu ikilowesha pedi nzima ndani ya saa moja, mguu mmoja ukivimba na kuuma, pumzi ikimbana, au kichwa kikimpasua akikaa na kutulia akilala (hicho mara nyingi ni cha sindano ya mgongo), arudi hospitali mara moja, hata wazee wakisema mzazi hatoki kabla ya arobaini.