Tovuti kumi zenye mzizi mmoja: meli za Zheng He na vyanzo vyake

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Naandika tasnifu ya shahada ya kwanza kuhusu safari za Zheng He, amiri wa meli za China wa karne ya 15, hadi pwani ya Afrika Mashariki. Nimekuta tovuti zaidi ya kumi zinazosema meli zake kubwa zilikuwa na urefu wa mita 137, na zote zinataja Ming Shi. Nimepata pia ramani ya Kichina ya 1418 inayoonyesha hadi Amerika. Msimamizi amenirudishia sura ya pili akidai sina vyanzo vya awali. Nimemweleza kwamba rekodi zilichomwa moto, lakini hakubali. Nifanyeje? (Mwanafunzi, Dodoma)

JIBU: Marahaba. Msimamizi wako amekutendea haki. Swali hili hunifikia kila msimu wa tasnifu, tarakimu tu ndizo zinazobadilika: huyu mita 137, yule 138, mwingine 150.

Ming Shi ni historia rasmi ya utawala wa Ming, lakini iliandikwa chini ya utawala wa Qing uliofuata, ikakamilika 1739. Safari ya mwisho ya Zheng He iliisha 1433. Toa mwenyewe: miaka 306. Wasifu wake umo katika juzuu 304, na humo ndimo mnamotajwa meli 62 zenye urefu wa zhang 44 na upana wa zhang 18 (zhang ni kipimo cha urefu cha Kichina). Vipimo vya aina hiyo hiyo vimo pia katika riwaya ya Luo Maodeng ya 1597, iliyojaa majini na miujiza, na katika baadhi ya nakala za mkono za kitabu cha Ma Huan, mkalimani wa msafara. Wataalamu bado wanabishana nani alimnakili nani. Kwa hiyo tovuti zako kumi ni mwangwi wa sauti moja, na hatujui ni ya nani.

Halafu mita 137 imetoka wapi? Zhang moja ni chi 10, na chi, kipimo kidogo zaidi, haikuwa na urefu mmoja China nzima. Ukichukua chi ya sentimita 28 unapata mita 123, ukichukua ya sentimita 32 unapata karibu mita 141. Anayekuandikia 137 amekwisha kukuchagulia chi bila kukuambia. Tazama pia uwiano: urefu mara mbili na nusu tu ya upana. Kwa chombo cha mbao cha kuvuka bahari kuu, umbo hilo ni la kutiliwa shaka. Meli ya Wyoming, iliyojengwa Marekani 1909, ilikuwa na mwili wa mita 100 hivi na ilikazwa kwa chuma, lakini mbao zake zilikuwa zikijipinda kwenye mawimbi, maji yakaingia, pampu zikawa hazipumziki. Ilizama 1924. Upande wa pili, kipande cha jiwe la maandishi la hekalu la Jinghai, Nanjing, kinataja meli za liao 2,000 na 1,500 (liao ni kipimo cha ukubwa wa chombo, si cha urefu), na wanaoegemea hesabu hiyo hukadiria mita 60 hivi kwa kubwa kabisa. Nguzo ya usukani ya mita 11 iliyochimbuliwa Nanjing 1957 haimalizi ubishi, maana ukubwa wa usukani haukupi urefu wa meli kama hujui umbo la chombo chenyewe. Katika tasnifu andika makadirio yote mawili na chanzo cha kila moja. Inatosha.

Sasa hilo la rekodi kuchomwa, ambalo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Habari kwamba afisa Liu Daxia alificha au kuharibu hati za safari katika miaka ya 1470 nayo tumeipata katika maandishi ya karne iliyofuata. Hata tukiikubali, hati zilizopotea hazithibitishi chochote. Aliyekufundisha kusema "rekodi zilichomwa" amekupa ruhusa ya kujaza pengo kwa lolote unalotaka, na ndiyo maana msimamizi hakuelewi.

Tena vyanzo vipo, na si haba. Ma Huan, mkalimani Mwislamu aliyesafiri na msafara. Fei Xin, naye wa msafara huo, aliyeandika 1436. Gong Zhen, mwenzao, 1434. Jiwe la Galle, Sri Lanka, la 1409, lenye Kichina, Kitamili na Kiajemi, ambalo sasa liko Colombo. Mawe mawili ya 1431, la Liujiagang na la Changle, yaliyosimamishwa na Zheng He na wenzake. Na Ming Shilu, kumbukumbu za kila mfalme zilizokusanywa baada ya kifo chake.

Mawe hayo ya 1431 yana kazi kubwa. Ming Shi inaruka safari ya 1407–1409, kisha inafikisha saba kwa kuhesabu safari ya Palembang, Sumatra, ya 1424. Mawe yanaorodhesha safari kama wahusika wenyewe walivyozihesabu, na ndiyo yaliyosahihisha tarehe tunazotumia leo: 1405–07, 1407–09, 1409–11, 1413–15, 1417–19, 1421–22, 1431–33. Kama jedwali lako lina safari ya 1424 na halina ya 1407, umenakili kosa la 1739.

Kila dai liwekee maswali manne pembeni: nani kaandika, mwaka gani, alikuwepo, na nakala tuliyonayo ni ya lini. Mfano wa swali la tatu: Fei Xin ana maelezo ya Mogadishu na Barawa, na wanafunzi humwita shahidi wa macho. Lakini yeye mwenyewe aligawa kitabu chake mafungu mawili, aliyoyaona na aliyoyasikia kwa wakalimani, na Mogadishu na Barawa zimo katika fungu la pili. Mwandishi amekuonya, wewe unamkatalia.

Kwenye tarehe, Wachina walihesabu miaka kwa enzi ya mfalme: mwaka wa kwanza wa enzi ya Yongle ni 1403, hivyo ongeza 1402 kwenye namba ya mwaka. Lakini mwaka wa Kichina huanza mwishoni mwa Januari au Februari, kwa hiyo miezi ya mwisho huangukia mwaka wetu unaofuata. Msafara wa saba uliondoka Nanjing mwezi wa 12 wa nyongeza, mwaka wa 5 wa enzi ya Xuande, iliyoanza 1426. Ukibadilisha kibubusa unapata 1430. Ni Januari 1431.

Twiga naye. Wa kwanza alifika China 1414 kutoka Bengal, na wa Malindi alifika 1415. Msafara ulifika pwani ya Afrika katika safari ya tano, iliyoanza 1417. Basi usiandike kwamba Zheng He alikwenda Malindi "kuchukua twiga".

Ramani yako ya 1418 ilitangazwa 2006, na inadaiwa kuwa nakala ya 1763. Inaonyesha California kama kisiwa, kosa mashuhuri la wachoraji wa Ulaya wa karne ya 17. Iondoe. Na sarafu za Yongle zilizopatikana Mambrui na Manda zinakuambia tabaka la udongo zilimochimbuliwa si la kabla ya 1403. Hazisemi nani alizileta, wala kwa chombo gani. Bidhaa za China zilikuwa zikifika pwani hii kwa mikono ya wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi karne nyingi kabla ya Zheng He.

Ugonjwa huu hauko China peke yake. Kila mwaka nasoma kwamba Ashoka, mfalme wa kale wa India, aliua ndugu zake 99. Habari hiyo imo katika masimulizi ya Kibuddha yaliyoandikwa karne nyingi baada yake, ilhali amri yake ya tano ya miambani, iliyochongwa angali hai, inazungumzia nyumba za kaka na dada zake. Jiwe limesimama wazi, tafsiri zipo bure mtandaoni, na bado mtu anachagua video ya dakika nane.

Wanaowauzia tasnifu, na sasa wanaozitoa zikiwa moto kwenye programu za akili mnemba, wanategemea kwamba hamtafungua chanzo. Fungueni. Tanbihi inayotaja Ming Shi bila namba ya juzuu imeandikwa na mtu ambaye hakuifungua. Na nyingine nimeikuta katika kazi zaidi ya moja msimu huu: "Ma Huan alimwona twiga Malindi". Ma Huan hana sura ya Malindi. Twiga anamweleza, ni kweli, lakini katika sura ya Aden, na tafsiri ya Kiingereza ya J. V. G. Mills ya 1970 ingewaonyesha hivyo kwa dakika chache.