Maiki ikifa, anzia kwenye waya

Maiki nyingi zinazotupwa hazijafa. Nasema hivi baada ya miaka ya kurekodi nyumbani kwangu Mwanga, hapa Kigoma, huku nikiletewa maiki za kila aina: za kwaya, za kaswida, za vijana wa bongofleva, za washereheshaji wa harusi. Maneno yanayokuja nazo ni yale yale: "Kaka, hii imekufa." Ukiifungua unakuta waya mmoja umeachia ndani ya plagi, au swichi imeshika kutu, au sponji ya ndani imegandiana kwa mate na vumbi. Kapsuli yenyewe, ile sehemu inayopokea sauti, haina tatizo lolote.

Na kufikia hapo mwenyewe ameshaanza kuchangisha fedha za kununua nyingine. Hilo ndilo linaloniuma. Kwaya ya mtaani ikinunua maiki mpya, ujue kuna jambo lingine limeahirishwa. Tena huku tuko mbali na maduka ya Kariakoo. Kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200 hadi Dar es Salaam. Kifaa ukikiagiza unakisubiri, kikija sicho, unasubiri tena. Kwa hiyo wewe unayerekodi nyumbani kwa kompyuta na saundi kadi ndogo, kile kisanduku kinachounganisha maiki na kompyuta, jifunze kuchunguza maiki yako mwenyewe. Mita ya kupimia umeme, bisibisi ndogo, chuma cha kulehemu na risasi yake vinatosha kuanzia.

Kabla hujafungua hata skrubu moja, badilisha waya. Chukua waya unaoujua kuwa ni mzima, maiki ile ile, tundu lile lile. Maiki ikiongea, usiiguse tena. Mgonjwa ni waya. Kama huna waya wa pili, tumia mita. Plagi ya XLR, ile ya duara ya waya wa maiki, ina pini 3, na namba zake kwa kawaida zimeandikwa pembeni ya kila pini. Mulika kwa tochi ya simu utaziona. Pini 1 ni ya wavu wa nje unaokinga mvumo, pini 2 na 3 ndizo zinazobeba sauti. Chomoa waya pande zote mbili, weka mita kwenye mlio, kisha gusa 1 ya huku na 1 ya kule, 2 kwa 2, 3 kwa 3. Kote huko mita ilie. Halafu, na hapa wengi hawafiki, pima pini za upande mmoja zenyewe kwa zenyewe: 1 na 2, 1 na 3, 2 na 3. Hapo mita inyamaze. Ikilia, nyaya zimegusana ndani. Wakati wote unapopima, ukunjekunje waya karibu na plagi, maana ndiko unakokatikia. Watu wakimaliza ibada au sherehe huuzungushia mkononi na kiwiko na kuuvuta kwa nguvu, na mzigo wote unaishia pale.

Dalili nazo zinasaidia. Mvumo mzito unaobadilika unaposhika chuma cha maiki unakupeleka kwenye pini 1. Sauti nyembamba, dhaifu, isiyo na besi, mara nyingi ni pini 2 au 3 imeachia na sauti inapita upande mmoja tu. Kimya kabisa, angalia kama 2 na 3 zimegusana. Dawa ni kukata sentimita chache za waya uliochoka, kumenya upya, kuchomea upya, na kuhakikisha kile kibanio cha ndani ya plagi kimeushika waya kwenye ganda lake la nje. Fundi asiyefunga kibanio hicho anakutengenezea maiki ya wiki moja.

Waya ukiwa mzima, sasa fungua maiki. Nianze na dainamiki, kwa kuwa ndizo zilizojaa mitaani. SM58 ya Shure, iliyoingia sokoni mwaka 1966, ni ya aina hii, pamoja na nyingi zinazoiiga kwa umbo. Ndani kuna kiwambo chepesi cha plastiki, koili ya waya mwembamba kama unywele iliyogundishwa nyuma yake, na sumaku. Sauti inasukuma kiwambo, koili inacheza kwenye nguvu ya sumaku, umeme kidogo unazaliwa. Hakuna betri, hakuna saketi ya kuungua. Ndiyo maana maiki hizi zinavumilia mengi, na ndiyo maana nakushauri ujifunzie kwake.

Kipimo chake nakipenda sana. Weka mita kwenye omu, yaani kupima ukinzani, gusa vituo viwili vya kapsuli, na kapsuli yenyewe iwe karibu na sikio. Koili ikiwa hai utasikia kamlio kadogo, tiki, kwa sababu umeme mdogo wa mita umeisukuma. Mita nayo itakusomea namba. Ikikosa namba na kapsuli ikanyamaza, koili imekatika. Lakini pima kwenye kapsuli yenyewe, si kwenye pini za chini. SM58 na nyingine kadhaa zina transfoma ndogo ndani ya mpini. Ukipima pini 2 na 3 unaisoma transfoma, na transfoma inaweza kukuonyesha namba nzuri huku koili ilishakatika zamani.

Koili ikiwa hai na maiki bado kimya, mshuku swichi. Kwenye maiki nyingi zenye swichi, kuzima maana yake ni kuzikutanisha pini 2 na 3 ili sauti ipotee. Swichi ikinasa hapo, maiki nzima inaonekana maiti. Unatenganisha nyaya za swichi, unaziacha bila kugusana, na maiki inarudi. Nyingine swichi zake hukata njia ya sauti. Hizo unaziunganisha moja kwa moja. Fuata waya kwa macho kwanza ujue uliyonayo ni ipi. Kwa maiki ya kurekodia nyumbani mimi naiondoa swichi kabisa wala siirudishi. Ni kitu kimoja zaidi cha kuharibika, na kazi yake inafanywa na saundi kadi.

Unapochomea karibu na kapsuli, uwe mwepesi. Risasi ya kawaida ya 60/40 inayeyuka kabla ya nyuzi 190 za Selsiasi, na chuma chako kina moto zaidi ya hapo. Gusa, iyeyuke, ondoa. Ukikawia, joto linafuata kituo hadi kwenye zile nyuzi za koili na plastiki inayozishikilia. Na safisha meza. Sumaku ya kapsuli inavuta kila chembe ya chuma iliyo jirani, na chembe ikiingia kwenye nafasi ya koili sauti itakwaruza na kuitoa ni kazi kubwa. Usifungue maiki kwenye meza iliyotumika kunolea visu au kukatia vyuma. Tandika kitambaa cheupe. Bisibisi nayo ishike kwa nguvu, kwa maana sumaku inaivuta na ncha yake inaweza kutoboa kiwambo.

Usafi sitaueleza kirefu: kichwa cha wavu kinafunguka kwa kuzungusha, sponji iliyo ndani yake inaoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, vyote vinakauka kabisa ndipo vinarudi. Kapsuli usiioshe. Ukifanya hivyo kila baada ya msimu wa harusi, sauti ya maiki inafunguka na harufu inakwisha.

Kondensa, zile maiki zenye saketi ndani zinazohitaji umeme ili zifanye kazi, ni habari nyingine, na hapa hali ya hewa yetu ina neno lake. Mvua za Kigoma zinaanza kuelekea mwisho wa mwaka na zinaendelea hadi karibu na katikati ya mwaka unaofuata, na ziwa liko hapo chini. Ndani ya kondensa kuna vizuizi vya umeme vinavyofika omu bilioni moja, ili ule umeme hafifu wa kapsuli usivuje. Unyevu ukitanda juu ya saketi, au alama ya kidole chenye jasho, umeme unapata njia ya kuvujia. Matokeo yake ni kupasukapasuka, mvumo wa ajabu, kisha sauti kushuka. Watu wanadhani kapsuli imekwisha, kumbe maiki imelowa. Iache mahali pakavu, ndani ya chombo chenye kifuniko, pamoja na vile vipakiti vya chembe zinazofyonza unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Mchele usiutumie, una unga. Mara nyingi siku chache zinatosha.

Mvua ikipiga bati hakuna kurekodi, na mimi ndio wakati wangu wa kufungua dainamiki. Kondensa zinangoja kiangazi. Wakati huo vumbi ni jingi, kwa hiyo nazifungulia ndani, madirisha yakiwa yamefungwa.

Kabla ya kuilaumu kondensa, pima umeme inaoupata. Kondensa nyingi za studio hutumia volti 48 zinazopita kwenye waya ule ule wa sauti. Kampuni ya Neumann ya Ujerumani ndiyo iliyoanzisha mpango huo mwaka 1966. Washa umeme huo kwenye saundi kadi, chomeka waya bila maiki, na upime kati ya pini 1 na 2, kisha 1 na 3. Usomaji wa volti 44 hadi 52 ni mzuri, mradi pande zote mbili zilingane. Upande mmoja ukiwa mtupu, rudi kwenye waya. Visanduku vya bei ndogo vinavyodai kutoa volti 48 huwa vinatoa pungufu, na maiki inaongea kwa shida. Zima umeme huo, subiri dakika moja au mbili, ndipo uchomoe au ufungue.

Na ukiifungua, kile kiwambo chenye rangi ya dhahabu usikiguse. Si kwa kidole, si kwa pamba, si kwa kupuliza kwa mdomo. Safisha saketi tu, kwa spiriti safi ya isopropili na brashi laini, uache ikauke. Kiwambo kilichotoboka mimi sikishiki, na namwambia mwenye maiki hivyo hivyo, mapema, asikae na matumaini. Vivyo hivyo maiki zisizo na waya: nasafisha vituo vya betri vilivyoliwa na majimaji, nabadilisha betri, basi. Saketi ya redio iliyo ndani naiacha kwa wenye vifaa vyake.

Kuna kundi linalodharauliwa ambalo lina faida kubwa kwa mwenye kipato kidogo: elektreti, aina ya kondensa ambayo kapsuli yake ina chaji yake ya kudumu. James West na Gerhard Sessler waliibuni mwaka 1962 wakiwa kwenye maabara ya Bell Labs nchini Marekani, na vile vikapsuli vidogo vya mviringo vimejaa ndani ya redio kaseti na vipokea sauti vya masikioni vilivyoharibika. Kila kikapsuli kina vituo viwili. Kile kilichoungwa na ganda lake ndicho hasi. Maiki ya shati ikifa, badala ya kuitupa unabadilisha kikapsuli hicho, ukizingatia hasi na chanya visigeuzwe.

Kwa sababu hiyo, maiki iliyokufa kweli siiachii. Nina boksi lake. Wavu, plagi, skrubu, transfoma, sponji, vyote vinafaa maiki nyingine. Kila moja ina kipande cha karatasi kinachosema ilikufa na nini na kimebaki kizima nini, la sivyo boksi linageuka kuwa takataka. Ukisikia mtu anatupa maiki, iombe.

Kazi ikiisha, usiridhike na "haloo, haloo". Chukua maiki unayoiamini, ziweke mbili pamoja vichwa vikigusana, rekodi sentensi moja ndefu, kisha sikiliza kila moja peke yake na zote kwa pamoja. Zikisikika vizuri moja moja lakini zikiungana besi inapotea, umegeuza pini 2 na 3. Fungua, zibadilishane. Kosa hili halijulikani mtu akiimba peke yake. Linajitokeza siku kwaya nzima imesimama mbele ya maiki mbili.

Kisha mpigie mwenyewe aje. Mwalimu wa kwaya akija, namwekea vipokea sauti masikioni asikilize rekodi hiyo. Kama tatizo lilikuwa kwenye waya, namkabidhi na kile kipande nilichokata, namwonyesha kilipokatikia, na namfundisha kuukunja waya kwa duara pana, chini sakafuni, bila kiwiko.