Meli Aliyopanda Mjomba Wako Imeshakatwa Vyuma

Kila nikirudi Lamu baina ya kontrakti mbili hukuta jambo lile lile. Kijana amepata barua ya kujiunga na meli ya watalii, cheti cha usalama anacho, kitabu cha baharia anacho, kadi ya homa ya manjano anayo, halafu jioni anakwenda barazani kwa wazee waliosafiri zamani ili aelezwe meli ilivyo. Na wazee wetu wanajua kueleza, mashallah. Hapo ndipo balaa inapoanza.

Maana kijana huyo huyo, au ndugu yake, huja kuangukia mikononi mwangu, kwa kuwa siku hizi mimi ni msimamizi wa wahudumu wa vyumba. Nikimuuliza kwa nini amempeleka mgeni kwenye mlango uliofungwa, jibu ni moja: "Lakini mjomba alisema." Mjomba alisema kweli. Meli aliyoisema ndiyo haipo, ilikwisha kokotwa hadi Alang kule India ikakatwa vyuma. Ninaandika haya ili nisiyarudie kila kontrakti mpya.

1. Usiitafute sitaha ya matembezi.

Wazee wanawaambia juu ya sitaha pana ya msaji inayozunguka meli nzima, mashua za kuokolea zikining'inia juu ya vichwa, wageni wamelala kwenye viti virefu wamejifunika mablanketi wakitazama maji. Ilikuwapo, na mimi nimeipiga deki. Lakini mgeni anayetembea bure hamlipi mtu, na ubavu wa meli ukigeuzwa varanda ya chumba unalipa kila usiku. Royal Princess ya 1984 ilijengwa bila chumba hata kimoja kisichotazama nje, na tangu hapo kila mwenye meli akataka varanda zaidi ya mwenzake. Mashua zikashushwa, sitaha ya matembezi ikabanwa, na katika meli nyingine unatembea hatua chache unakutana na ukuta, au mlango wa wageni wa daraja la juu ambao kadi yako haiufungui.

Kisha wakaanza kuigeuza meli iangalie ndani. Voyager of the Seas, 1999, ilikuja na barabara ndani ya tumbo, ina maduka na mikahawa pande zote mbili. Oasis of the Seas, 2009, ikapasuliwa katikati kabisa, wakaweka bustani ya miti ya kweli iliyo wazi kwa mbingu, na vyumba vyenye varanda zinazotazama bustani badala ya bahari. Watu wa kwetu tusishangae sana. Nyumba ya mawe ya Mkomani, mtaa wetu wa Lamu, ni hivyo hivyo: njiani inakuonyesha ukuta mtupu na daka, kibaraza cha mlangoni, na raha yote iko ndani kwenye kiwanda, yaani uani. Ukiifikiria meli mpya hivyo, hutapotea haraka.

Mgeni wa varanda ya ndani atakuuliza bahari iko upande gani. Usicheke. Amelipa pesa nyingi kuliko unavyodhani na hajaona maji tangu asubuhi. Katika Disney Dream, ya 2011, hata vyumba vya ndani kabisa vina dirisha la duara ambalo ni kioo cha televisheni, kinachoonyesha bahari kutoka kamera za nje. Siku hizi bahari inaletwa chumbani kwa waya, jamani.

Niseme na haki: wengine wameanza kujuta. Norwegian Prima ya 2022 ina sitaha ya nane inayozunguka meli yote tena. Nilipoisikia nilifurahi kama niliyerudishiwa kitu changu, mpaka nilipoiona ilivyojazwa mikahawa, mabwawa na masanamu. Hata hivyo inazunguka. Nimekubali.

Na siku ya kwanza ulizeni upande gani una vyumba vya namba shufwa na upande gani witiri, maana kampuni hazifanani.

2. Bahasha haipo.

Hii inawauma zaidi wanaokwenda kufanya kazi mkahawani. Mzee amekwambia kwamba usiku wa mwisho mhudumu anarudi kabini mfuko umejaa bahasha za bakshishi. Ni kweli, na sababu yake ilikuwa ujenzi wa meli wenyewe. Ukumbi wa kulia ulikuwa mmoja, mkubwa, na zamu mbili: saa kumi na mbili na saa mbili na nusu. Mgeni alipewa meza yake na mhudumu wake, wakakutana kila usiku safari nzima. Kufikia usiku wa tatu unajua nani hali kitunguu, nani anataka chai kabla ya supu, na mjukuu wa nani anasoma udaktari. Mtu uliyemuulizia mjukuu wake usiku wote huo hawezi kushuka bila kukupa kitu.

Kampuni ya Norwegian ndiyo iliyofungua mlango mwaka 2000 kwa kumruhusu mgeni ale saa aitakayo na meza aitakayo. Wengine wakafuata. Ukumbi mmoja ukagawanywa, ikawa mikahawa kumi, ishirini, kila mmoja na mapambo yake. Scarlet Lady, iliyoanza kubeba wageni 2021, haina ukumbi mkubwa kabisa, wala bafe. Sasa mgeni unamwona mara moja, kesho yuko kwa Wajapani, keshokutwa kwa Wamarekani. Bakshishi katika kampuni nyingi inakatwa kwenye akaunti yake kila siku na kugawanywa.

Kwa hiyo usiahidi nyumbani pesa za bahasha. Namjua kijana wa Langoni aliyeahidi paa la mabati kwa hesabu ya mjomba wake. Mama akaleta fundi, fundi akaezua, na kijana bado yuko Karibiani anangoja bahasha. Mvua ya masika haikumngoja. Pigeni hesabu kwa mshahara ulioandikwa kwenye mkataba, basi.

3. Dirisha likiwa wazi, kiyoyozi kinazimika chenyewe, usimwite fundi.

Nasema juu ya zile varanda mpya zilizokuja na Celebrity Edge, 2018, ambazo si varanda: chumba kimesukumwa hadi ubavuni mwa meli, na nusu ya juu ya kioo inashuka kwa kubonyeza. Wageni wanagombana juu yake, wengine wanaipenda, wengine wanasema wameibiwa varanda. Wewe hukuulizwa.

4. Fomu ya kuzungushwa meli: usiitie sahihi kabla ya kuzungushwa.

Hapa naomba mkae chini, kwa sababu hili ninaliona kila tukipokea watu wapya, na kila nikiliona linanirudisha mahali nisipopapenda.

Meli yangu ya kwanza ilikuwa ya kizamani. Vituo vya kukusanyika vilikuwa nje, kwenye sitaha ya matembezi, kila kituo chini ya mashua yake. Kengele ikilia, saba fupi na moja ndefu, mgeni anachukua jaketi la kuokolea chumbani, anashuka, anatoka nje, anasimama chini ya mashua atakayopanda. Mtoto angeelewa. Nilikuwa mwelekezaji wa ngazi, na kazi hiyo niliifanya mpaka mwili wangu uliijua bila mimi.

Nikahamishiwa meli mpya, kubwa. Nilifika asubuhi, macho mekundu kwa safari ya ndege, nikakuta foleni ya sare, foleni ya kadi, foleni ya kabini. Baharia mwenzangu akanipa fomu: hapa unathibitisha kwamba umeonyeshwa njia zako za dharura. Nikamuuliza tutazungushwa saa ngapi. Akasema mchana. Nikasema basi ngoja nitie sahihi sasa nisipoteze nafasi kwenye foleni ya sare. Mchana wakazunguka. Mimi nilikuwa nimelala.

Jioni, kabla ya kung'oa nanga, zoezi la dharura. Nikavaa kofia na jaketi, nikasimama kwenye ngazi niliyopangiwa, nimejaa kiburi cha mtu mwenye uzoefu. Kengele ikalia. Wageni wakaanza kushuka, nami kwa sauti nzuri kabisa nikawa nawaelekeza: chini, ghorofa ya nne, tokeni nje, karibuni, taratibu. Wakanitii. Ngazi yangu nzima ikatoka nje.

Katika meli ile, nje ni pa mabaharia wanaotayarisha mashua tu. Vituo vya wageni vilikuwa ndani, na cha ngazi yangu kilikuwa ukumbi wa maonyesho, ambako majaketi yalikuwa yamehifadhiwa yakiwangoja. Kule ndani mwenzangu anapitisha kadi kwenye mashine, na mashine inamwambia kwamba nusu ya watu wake hawapo. Huku nje nina umati wa wazee umesimama kwenye upepo ukiniangalia, na serahangi, mkuu wa mabaharia wa sitaha, ananipigia kelele kwa lugha ambayo hata kama ungekuwa huijui ungeielewa.

Ikabidi niwarudishe. Juu, ndani, kupitia kasino, mpaka ukumbini. Meli nzima imesimama inawangoja, nahodha anatangaza kwenye vipaza sauti kwa upole ule wa kutisha. Tulipoingia, waliokuwa wamekaa wakatupigia makofi, na hayakuwa ya heshima. Bibi mmoja mwenye fimbo, niliyemshika mkono njia nzima, alipokaa akanitazama kwa huruma akaniuliza: "Kwa hiyo wewe ndiye utakayetuokoa?" Hakuwa na dharau hata kidogo. Alitaka kujua kweli.

Usiku afisa wa usalama akaniita. Hakunifokea. Akanipa karatasi na kalamu, akasema nimchoree njia kutoka ngazi yangu hadi kituo. Nikachora, nikatia na mashua kwa urembo. Akaitazama muda mrefu, kisha akasema: "Meli hii siijui." Ndipo nilipoona kwamba nimemchorea meli yangu ya kwanza. Baada ya kuaibika mbele ya watu wote wale, mkono wangu bado ulikuwa kule. Akanionyesha fomu, na sahihi yangu chini yake. Barua ya onyo iliandikwa kwa sababu ya sahihi, si kwa sababu ya njia. Hilo lilinichukua muda kulielewa.

Sasa msiniambie kwamba siku hizi zoezi ni rahisi. Najua ni rahisi. Costa Concordia ilipogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio tarehe 13 Januari 2012, watu 32 walikufa, na kulikuwa na mamia waliopanda siku ile ile ambao hawakuwa wamefanya zoezi bado, kwa sababu sheria ya wakati ule iliruhusu lifanywe ndani ya saa 24. Tangu 2015 ni lazima kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka. Kisha ikaja korona, na kampuni nyingi zikaacha kuwakusanya watu pamoja: mgeni anatazama video kwenye simu, anapita kituoni kwa wakati wake, anaonyesha kadi, anakwenda kunywa. Vizuri kwake. Lakini maana yake ni kwamba hajawahi kuipita njia ile pamoja na umati, na wewe hujawahi kuuona umati ule ngazini. Icon of the Seas, iliyoanza kazi 2024, ikijaa inabeba wageni 7,600. Mashua moja ya Oasis inachukua watu 370, wakati mashua ya kawaida haizidi 150. Ukiukosesha njia umati wa namna hiyo, si makofi utakayosikia.

Tembea njia yako kwa miguu, mchana, kisha usiku, kisha lifti ukiisahau kabisa kwamba ipo. Halafu tia sahihi.

5. Roboti wa baa.

Quantum of the Seas ilipotoka 2014 na mikono ya chuma inayochanganya vinywaji, wahudumu wa baa walivaa nyuso za msiba. Baa za watu zipo bado, tena zimeongezeka. Roboti hawezi kumuulizia mtu mjukuu wake.

6. Machache ya haraka. Wakala akikudai ada ya kukupatia kazi, ondoka, maana mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa 2006 umekataza. Viatu nunueni vizuri, visivyoteleza, si vya Mombasa dakika ya mwisho. Wakaguzi wa afya wa Marekani wakipanda, alama 85 kwenda chini meli imefeli, kwa hiyo usiweke kitambaa chako popote "kwa dakika moja tu". Ukipotea tafuta mlango wowote wa wafanyakazi, teremka, utafika I-95, ndiyo korido kuu ya wafanyakazi. Kitu hicho peke yake hakijabadilika: wageni wamejengewa bustani, barabara na mbio za magari kileleni, sisi korido yetu ni ile ile ya chuma, taa nyeupe, toroli za nguo chafu. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na kwa baharia wa meli za watalii ngama hiyo, tumbo la chini la chombo, ni anwani ya posta.

7. Wazee wasikilizeni. Sijasema msiwasikilize. Waulizeni jinsi ya kuishi na mwenzako wa kabini anayekoroma, jinsi ya kupika wali kwa siri bila kengele ya moshi kulia, jinsi ya kufunga Ramadhani meli ikivuka saa mbili mbele na moja nyuma. Hayo wanayajua kuliko mimi. Ramani tu ndiyo msichukue kwao.

Na anayetaka kunipigia simu anipigie, ila si saa kumi usiku ya Lamu kuniuliza dobi la wafanyakazi liko wapi. Liko chini. Kila kitu chenu kiko chini.