Ukisikia tende, sema tende

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia. Amejinyima miezi minne, akanunua wiski ya kimea ya Uskoti, miaka 18, iliyolala kwenye mapipa yaliyowahi kubeba mvinyo wa sheri. Akatia barafu, akapiga funda, hakuambulia kitu ila moto kooni. "Kaka, nimepigwa?"

Hujapigwa, ndugu yangu. Umeharakisha. Nakuelewa, kwa sababu mimi yalinikuta mbele za watu.

Ilikuwa mwaka wangu wa kwanza huku Uskoti. Nililipia jioni ya kuonja wiski katika baa moja Edinburgh. Tulikuwa kumi na wawili mezani, kila mtu na glasi zake tano. Tulipofika ya nne, mwenyeji akauliza tunasikia harufu gani. Nikajibu bila kusita: tende. Akatabasamu, akawageukia wenzangu, akasema jibu sahihi ni keki ya Krismasi. Wakacheka. Sikufungua mdomo tena hadi naondoka. Miaka saba imepita na kicheko kile bado ninacho masikioni.

Nimekulia Tanga. Kila Ramadhani jirani yetu Mwislamu alitutumia sahani ya tende iliyofunikwa kitambaa, zile nyeusi laini zinazonata vidoleni, na mama alizigawa mojamoja. Harufu ile naijua kuliko harufu yoyote. Keki ya Krismasi ya Waingereza nilikuja kuila ukubwani: zabibu kavu, viungo, sukari ya kahawia, brendi. Tende na hiyo keki ni ndugu wa tumbo moja. Sikukosea, na leo nalisema bila aibu.

Utamu huo chanzo chake ni pipa. Sheri ni mvinyo wa Jerez, kusini mwa Uhispania, ulioongezwa pombe kali. Zamani ulisafirishwa hadi Uingereza ndani ya mapipa, nao Waskoti wakayachukua yakiwa matupu na kuyajaza wiski. Siku hizi sheri husafiri kwenye chupa, kwa hiyo mapipa huandaliwa makusudi: hujazwa sheri kwa mwaka mmoja, miwili, mti wa mwaloni ukanywa wa kwake, kisha yakapelekwa Uskoti. Yaliyokaa na oloroso, aina mojawapo ya sheri, huacha karanga na matunda makavu. Yaliyokaa na Pedro Ximénez, sheri ya zabibu zilizoanikwa juani, huacha utamu mzito kama asali ya miwa. Ghalani, karibu asilimia 2 ya wiski huyeyuka hewani kila mwaka. Wanaita mgawo wa malaika. Kwa miaka 18, hiyo ni karibu theluthi ya pipa. Na ile 18 kwenye lebo ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizomo chupani.

Kitu kilicholala miaka 18 wewe unakimeza kwa sekunde mbili?

Subiri. Mimina toti moja kwenye glasi yenye mdomo mwembamba, uiache. Wazoefu husema dakika moja kwa kila mwaka wa wiski, na mimi naifuata kanuni hiyo. Barafu achana nayo, baridi huifunga harufu. Unaponusa, acha mdomo wazi kidogo ili pombe isikuchome pua. Funda la kwanza liwe dogo, la kuzoesha ulimi tu. Kisha tone moja au mawili ya maji, na usubiri tena. Nasema tena kwa sababu najua hamtasubiri.

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye kikundi chetu cha waonjaji hapa Aberdeen. Glasi za buluu, ili rangi isimpe mtu jibu. Ya tatu niliisubirisha wenzangu wakiwa wameshamaliza. Ikafunguka polepole: tende, ganda la chungwa, karafuu, mbao za kabati la bibi. Nikaandika: oloroso, si chini ya miaka 15. Lebo ilipofunuliwa ikawa GlenDronach Allardice, miaka 18, pombe asilimia 46, mapipa ya oloroso. Hakuna mwingine aliyepata pipa wala umri.

Wanangu mliotawanyika kwenye miji ya watu, acheni kuazima pua za wengine. Una ukwaju, una halua, una kashata, una sukari guru. Hayo ndiyo maneno yako, na pua yako iliyajua kabla hujajua kusoma. Mtu akicheka, mwache acheke, wewe andika ulichosikia.

Mwenyekiti wetu aliandika neno "tende" ubaoni kwa herufi kubwa, akauliza linatamkwaje. Kisha akakiri kwamba hajawahi kula iliyo laini. Nimeshanunua pakiti mbili. Jumamosi nazipeleka, nitaziweka kwenye sahani, nizifunike kitambaa.